Daftari Nalo Lahitaji Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana shaka walimlenga mfanyabiashara mvivu wa kuandika. Hata hivyo, hawakutuachia agizo lolote kuhusu siku ambapo daftari lenyewe litapotea, na hili ndilo tatizo linalowakabili wenye biashara ndogo katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora.

Usiku wa kuamkia Juni 28, 2018, moto ulizuka katika soko la Gikomba na kuwaua watu wasiopungua 15. Soko hilo limeungua mara nyingi, kabla ya mkasa huo na baadaye. Kila linapoungua, tunahesabiwa marobota ya mitumba na mbao zilizoteketea. Ni nadra kusikia likitajwa daftari la madeni. Ilhali bidhaa iliyoungua ina bei inayojulikana, na jirani aweza kushuhudia kwamba ilikuwapo. Deni halina shahidi ila maandishi. Muuzaji aliyemkopesha fundi wa Kariobangi mabati, au mwenye kioski magunia ya unga, hubaki akitegemea uungwana wa wadaiwa wake. Wapo waungwana, lakini si wote.

Siku hizi wengi wamehamia kwenye kompyuta na simu, wakadhani wamevuka. Kompyuta huungua vilevile. Simu huibwa kwa wepesi kuliko leja, kwani hakuna mwizi wa stejini anayetamani leja. Umeme nao ukikatika ghafla, kama ulivyokatika karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, faili iliyokuwa ikiandikwa yaweza kuharibika. Wengine hujitetea kwa M-Pesa. Ni kweli kwamba taarifa zake huonyesha fedha zilizoingia na kutoka, lakini hazionyeshi sukari iliyotolewa kwa mkopo wala noti iliyopokewa mkononi. Mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru, KRA, huhifadhi ankara zilizopitia humo. Haukusanyi madeni kwa niaba ya mtu.

Kinachohitajika ni mazoea, na wala si ya gharama kubwa. Kila jioni, kabla ya kufunga duka, hesabu za siku zinakiliwe kwenye flashi, kisha flashi hiyo iondoke dukani pamoja na mwenyewe. Iliyoachwa imechomekwa kwenye kompyuta itaibwa au kuungua pamoja nayo. Ziwe mbili zinazopokezana, moja ya leo na nyingine ya kesho, kwa maana kosa au kirusi kilichoingia leo kikinakiliwa juu ya nakala pekee iliyopo, kitakuwa kimeua asili na kivuli chake. Nakala ya tatu ipelekwe kila wiki mbali na mtaa, kwa ndugu wa kuaminika, au itumwe kwenye hifadhi ya intaneti ikiwa fedha za bando zinaruhusu. Zote zifungwe kwa nywila, maana zina majina ya wateja. Anayeandika kwa kalamu apige picha ya ukurasa wa siku na kuituma kwenye simu nyingine. Kisha, walau mara moja kwa mwezi, nakala ifunguliwe katika kompyuta tofauti. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Kuna sababu nyingine ya uzembe huu ambayo watu hawaisemi hadharani: nakala ya pili ni shahidi wa pili, na mtoza ushuru anaogopwa. Hofu hiyo imekaa upande usiofaa. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yataka kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka 5, na kodi ikibishaniwa, mzigo wa kuthibitisha umo mabegani mwa mlipa kodi. Asiye na hesabu ndiye atakayeshindwa kujibu.

Sheria hiyo hiyo huruhusu kumbukumbu ziandikwe katika mojawapo ya lugha rasmi, na tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni mojawapo. Ajabu ni kwamba programu nyingi za hesabu madukani bado huzungumza Kiingereza pekee. Kijana anayesaidia dukani huulizwa na mashine, kwa lugha asiyoimudu, iwapo faili ya zamani ifutwe ili mpya ichukue nafasi yake. Naye, akiharakia matatu ya mwisho, hubonyeza ndiyo. Wanaotengeneza programu hizo hapa Nairobi wangeweza kulirekebisha jambo hili mapema. Kabla hawajafanya hivyo, mwenye duka na abandike karatasi kando ya kompyuta, kwa Kiswahili, inayoeleza flashi ya leo ni ipi na ni swali gani lijibiwe hapana.