Simu Ugenini na Lugha Isiyoeleweka

Miongoni mwa gharama zinazomnyemelea msafiri wa Afrika Mashariki anapovuka mpaka, hapana inayomjia kwa kificho kama ile ya simu yake mwenyewe. Hapa Landless, mtaani ninakoishi mjini Thika, si ajabu kumkuta mzazi anayesubiri simu ya bintiye aliyekwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, au mwanafunzi aliyerejea kutoka ng'ambo akilalamika kuwa salio lake liliyeyuka bila yeye kumpigia mtu yeyote. Lawama huelekezwa kwenye bei. Mimi naona kwamba bei ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni lugha.

Na tuangalie kwanza utaratibu wenyewe. Simu ikivuka mpaka, hujisajili kwenye mtandao wa kampuni ya ugenini, nayo kampuni hiyo huiuliza kampuni ya nyumbani iwapo mteja huyo anatambulika. Tangu hapo kampuni mwenyeji huidai kampuni ya nyumbani, nayo humtoza mteja. Anayekupigia kutoka Thika hulipa kana kwamba ungali Kenya. Gharama ya kuifikisha sauti yake huko uliko aghalabu hukuangukia wewe unayepokea. Vilevile, programu za simu huendelea kutumia intaneti zenyewe, ukatozwa hali umelala.

Kwamba bei hizi si amri ya Mungu kumekwisha kudhihirika. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, wateja wakaondolewa ada hizo. Kuanzia mwishoni mwa 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha eneo la mtandao mmoja, Sudan Kusini ikafuata mwaka 2015. Ada ya kupokea simu iliondolewa na bei ya kupiga ikawekewa kikomo. Hata hivyo, Tanzania haikuwamo mwanzoni, na makubaliano ya awali yalihusu hasa simu za sauti, si intaneti. Umoja wa Ulaya ulipofuta ada zake za ziada mwaka 2017, intaneti ilikuwamo.

Je, ni wangapi miongoni mwetu wanaoyajua haya? Ujumbe unaompokea msafiri huja aghalabu kwa Kiingereza, tena kwa vifupisho. Neno lenyewe, romingi, kwa asili ni kutangatanga. Halimwambii msikilizaji lolote kuhusu ada. Kiswahili si maskini. Lugha iliyotupatia salio na muda wa maongezi haiwezi kushindwa kusema "huduma ya simu ugenini", wala "utalipa ukipokea".

Kwa mfanyakazi aliyeko Ghuba, suala hili si la istilahi tu. Simu ndiyo mlango wake wa kuombea msaada, na mashirika ya haki za binadamu yameeleza mara nyingi jinsi baadhi ya waajiri wanavyowapokonya wafanyakazi simu zao. Anayebahatika kubaki na yake, kisha salio likaisha kwa ada asiyoielewa, amefungiwa mlango huo huo. Anayetegemea WhatsApp naye hugundua akishafika kwamba katika Falme za Kiarabu simu za programu hiyo zimezuiwa kwa miaka mingi.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma. Vifungu hivi viwili visomwe pamoja. Mamlaka ya Mawasiliano haina budi kuzitaka kampuni zimweleze msafiri ada zake kwa Kiswahili kabla hajaondoka. Nanyi walimu wenzangu, wapeni wanafunzi masharti ya huduma hii wayafasiri darasani. Watajifunza istilahi, na huenda wakamwokoa ndugu.

Kuuliza si ujinga. Lakini kumjibu muulizaji kwa lugha asiyoielewa ni sawa na kumnyima jibu.