Langoni Wanatafuta Chapati

Desemba iliyopita nilimpeleka mpwa wangu wa miaka sita kwenye bustani moja ya michezo hapa Nairobi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu hii si hadithi ya bustani moja. Tulikuwa watu watatu: mimi, mtoto, na mamangu, ambaye aliamka saa kumi na moja alfajiri kukanda unga.

Langoni kulikuwa na foleni, meza ya mbao na masoja wawili. Mmoja alikuwa na kile kifimbo cha kupitisha mwilini. Kilipita juu ya funguo zangu, juu ya mshipi wangu wa chuma, juu ya simu mbili. Kikanyamaza kimya kama mtu aliyekopa. Soja wa pili, kijana ambaye sidhani alikuwa amefika miaka ishirini na tano, alifungua begi la mama. Akatoa leso. Akatoa sweta ya mtoto. Kisha akatoa mkebe, akaufungua, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo nikamwona mtu akifanya kazi ya usalama kwa umakini.

"Mathe, chakula cha nje hakiingii."

"Mwanangu, hizi ni chapati za mtoto."

"Najua, mathe. Lakini wakiona nimekuachilia, kazi yangu imeisha."

Mama hakubishana. Chapati nane zikaingia kwenye kreti ya soda iliyokuwa chini ya meza, zikakutana na sambusa za watu, mahindi ya watu, na ndizi za mtoto wa mwenyewe. Ndani, sahani ya chipsi ilikuwa inauzwa bei ambayo mtaani kwetu inalisha nyumba nzima.

Jambo ambalo soja hakuliona ni mfuko wa pembeni wa begi lile lile. Humo mama hubeba kisu cha kumenyea maembe. Kisu kirefu, chenye makali, kimefungwa kwa gazeti. Mama alikuwa amekisahau, na mimi nilikikumbuka tukiwa ndani tayari. Yaani chapati zilikamatwa, kisu kikapita.

Nimewahi kuwasimulia wasee kisa hiki, wakacheka. Nilicheka pia. Lakini sehemu ya pili ya siku ile hainichekeshi, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Ukutani, karibu na ile merikebu kubwa inayobembea, kulikuwa na bango: usiache mzigo wako bila mwangalizi. Sawa. Tukapanga foleni ya merikebu. Tulipofika mbele, mhudumu akasema mabegi hayapandi. Nikamuuliza tuyaweke wapi, kuna makabati? Akaniangalia kama nimeuliza chumba cha kulala. "Wekeni tu hapo kwa fensi." Nikageuka. Kwenye fensi kulikuwa na rundo la mabegi zaidi ya kumi, yote bila mwangalizi, yote yamewekwa pale kwa amri ya bustani iliyobandika bango.

Tulibembea, mtoto akapiga mayowe ya furaha, tukashuka. Watu wakachukua vyao. Foleni nyingine ikapanda, ikashuka, ikachukua vyake. Begi moja la kijivu likabaki. Tulikaa kwenye benchi la karibu tukinywa soda, na mama, ambaye macho yake hayajui likizo, akasema, "Lile begi halina mtu."

Nikamwendea soja wa karibu. Kumbe ni yule yule wa chapati, sasa amehamishiwa ndani. Aliuliza waliokuwa karibu: la nani? Hakuna aliyejibu. Hakuwa na redio, kwa hivyo akampigia msimamizi wake kwa simu yake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na nikasikia sauti ikitoka upande wa pili: "Si uangalie kuna nini ndani."

Alienda. Watoto walikuwa kila mahali. Hakuna aliyewaondoa, hakuna aliyesimamisha merikebu. Alilisukuma begi kwa ncha ya buti. Akachuchumaa. Nilimwona akivuta pumzi, akageuza uso pembeni, kisha akafungua zipu.

Ndani kulikuwa na nepi, mdoli, na mkebe wa pilau. Pilau ilikuwa imepita langoni! Mwenye begi alitokea baadaye akikimbia, mtoto mgongoni, akiomba msamaha. Watu wakacheka. Soja akacheka pia, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka, na aliifuta kwenye suruali mara mbili.

Hoja yangu ni hii. Upekuzi wa lango katika sehemu zetu za starehe haujapangwa kumlinda mtu. Umepangwa kulinda mauzo ya chipsi, na kutuonyesha sare ili tujisikie tumelindwa. Kazi halisi, ile ya kugundua begi lisilo na mtu na kujua la kufanya, imeachiwa kijana anayelipwa kidogo kuliko wote, asiye na redio, ambaye maagizo yake yote ni "si uangalie". Likiwa ni nepi, tunacheka. Lisipokuwa nepi, yeye ndiye wa kwanza kufa, na watoto walio nyuma yake ni wa pili.

Usiniambie kwamba hapa kwetu hatujui hatari. Tunaijua vizuri sana. Tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye bomu lilifika kwenye lango la nyuma la ubalozi wa Marekani katikati ya jiji hili. Mlinzi Mkenya, asiye na bunduki, alikataa kufungua kizuizi. Lori halikufika chini ya jengo. Watu 213 walikufa Nairobi siku ile, na bado wapo waliotoka ndani ya ubalozi wakiwa hai kwa sababu mtu wa mshahara mdogo alisema hapana. Hatujamjengea mtu kama huyo sanamu. Tumempa kifimbo kisicholia.

Tukaja Westgate, tarehe 21 Septemba 2013. Juu kwenye maegesho kulikuwa na shindano la watoto la mapishi. Waliokuja kuua hawakupanga foleni wala hawakuweka mabegi mezani. Walikuja wakipiga risasi. Watu 67 waliuawa. Baada ya hapo, ndiyo, meza na vifimbo viliongezeka kila mahali: maduka makubwa, benki, makanisa, bustani. Tulizoea kuinua mikono kama watu wanaosalimu amri. Nani alikaa chini na kuuliza kama meza ile ingemzuia mtu yeyote wa siku ile?

Sisemi kwamba begi halina maana. Lina maana kubwa mno, ndiyo sababu nina hasira. Tazama Atlanta, Marekani, usiku wa tarehe 27 Julai 1996. Michezo ya Olimpiki imo jijini, bustani ya umma imejaa watu, muziki unapigwa. Mlinzi mmoja, Richard Jewell, akaona begi chini ya benchi. Hakulipiga teke. Aliwaita polisi, wataalamu wa mabomu wakaja kulitazama, na yeye na wenzake wakaanza kuwasogeza watu mbali. Bomu likalipuka kabla hawajamaliza. Mwanamke mmoja aliuawa na mlipuko na zaidi ya watu mia moja wakajeruhiwa, lakini bila zile dakika za kuwasogeza watu hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Na malipo yake? Siku chache baadaye magazeti yakamgeuza mshukiwa. Ilichukua karibu miezi mitatu kusafishwa jina. Mlipuaji halisi, Eric Rudolph, alikiri kosa mwaka 2005.

Sasa tazama upande wa pili, Manchester, Uingereza, tarehe 22 Mei 2017. Tamasha lililojaa wasichana wadogo. Kijana mwenye begi kubwa mgongoni alikaa kwenye ukumbi wa nje akisubiri watu watoke. Mzazi mmoja alimtilia shaka na akamwambia mlinzi. Mlinzi yule alikuwa na miaka 19, hakuwa na redio, na hakuruhusiwa kuacha mlango wake. Alipompata mwenzake wa miaka 18 mwenye redio, mwenzake alijaribu kupiga, hakupata laini. Dakika zikaisha. Watu 22 waliuawa. Uchunguzi wa umma uliofuata ulieleza haya yote waziwazi.

Ukisoma habari ile ukiwa Nairobi, unamwona yule kijana wetu wa merikebu akitafuta salio kwenye simu yake.

Kuna jamaa ataniambia: heri upekuzi mbovu kuliko kukosa kabisa. Hapana, buda. Upekuzi mbovu una madhara yake. Kwanza, unayafunza macho ya soja kutafuta kitu kisichofaa. Akishinda siku nzima akiwinda mikebe, atakuwa hodari wa mikebe. Pili, unawakusanya watu kwenye foleni ndefu nje ya lango, mahali ambapo hakuna ulinzi wowote. Tatu, unapekua kwa tabaka. Aliyekuja kwa matatu na begi la gikomba anamwagiwa vitu mezani. Aliyekuja na gari kubwa anapitishiwa kioo chini ya magurudumu, anafunguliwa buti nusu, anapigiwa saluti. Kwani bomu lina nauli tu, halina leseni ya kuendesha?

Mjomba wangu alilinda malango ya mji huu miaka kumi na minne. Nilimpigia jioni ile nikamweleza. Hakushangaa. "Sisi tulilipwa kuonekana," akasema, "si kuona." Nikamuuliza mafunzo yake yalikuwa ya muda gani. Alijibu kwamba yalikuwa ya siku tano, na siku mbili kati ya hizo zilikuwa za gwaride.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mamlaka inayodhibiti ulinzi wa kibinafsi ilitangaza kwamba mlinzi wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Kelele ziliibuka kutoka kwa waajiri, na suala likaishia mahakamani. Ukizisikiliza kelele zile ungedhani masoja wameomba ndege. Shilingi 30,000, ukizigawa kwa siku, ni elfu moja. Familia yangu ya watu watatu ilitumia zaidi ya hiyo kwa chipsi na merikebu kabla ya saa nane mchana.

Na tiba yenyewe wala si ngeni. Katika reli za Uingereza, wafanyakazi hufundishwa maswali matatu kuhusu kitu kilichoachwa. Je, kimefichwa makusudi? Je, kina dalili wazi za hatari, kama nyaya au betri? Je, ni kitu cha kawaida kukikuta mahali kama hapa? Begi la kijivu kando ya bembea ya watoto, halijafichwa, nepi zinachungulia: maswali matatu yanakutuliza. Na yasipokutuliza, huligusi. Unawasogeza watu, unaita wanaojua. Mtu anaweza kufundishwa haya asubuhi moja, na mafunzo hayahitaji gwaride.

Halafu weka makabati. Bustani zinazowakataza watu kupanda na mabegi ndizo zinazozaa mabegi yasiyo na wenyewe. Baadhi ya bustani kubwa za Orlando zina makabati ya bure kando ya michezo yao, kwa sababu rahisi: mzigo lazima ukae mahali. Sisi tuna fensi na bango. Ukimwekea mtu mtego kisha ukambandikia onyo juu yake, hujamlinda. Umejitayarishia utetezi wa mahakamani.

Na kama mnataka kuuza chipsi, semeni mnauza chipsi. Bandikeni langoni: hapa ni biashara, acha chakula chako nyumbani. Mtu ataamua kuingia au kurudi. Lakini msichukue kumbukumbu za waliokufa Westgate mkazitumia kukamata chapati za mamangu.

Ninajua wengi wetu tunaosoma hapa tumezoea kuinua mikono tukiangalia simu, bila hata kumwona anayetupapasa. Nami nilikuwa hivyo. Kwa hivyo naomba jambo dogo. Safari ijayo, ukifika langoni, msalimie soja kwanza, kisha umuulize, kwa heshima na bila kumkejeli: ukikuta begi lisilo na mwenyewe humu ndani, umeambiwa ufanye nini? Sikiliza jibu lake. Halafu usimlaumu yeye. Tafuta ofisi ya meneja, na umuulize meneja swali lilo hilo mbele ya watu waliolipa.

Mimi nilimtafuta meneja siku ile. Niliambiwa ametoka kwenda kula.

Tulipotoka saa kumi na moja jioni, kreti ilikuwa tupu. Mama aliuliza mkebe wake, akapewa, umeoshwa. Kijana wetu alikuwa amerudishwa langoni, akapepesa macho chini. Mama alimtazama muda mrefu, kisha akamwambia, "Mwanangu, angalau ulikula?"

Akasema ndiyo. Akasema zilikuwa laini.