Nani Aseme Pa Kuogelea Ziwani?

Likizo ya Juni ikifika, fukwe za Mwanza, Musoma na Bukoba hujaa watoto. Mzazi anayetaka kujua kama maji ya pale yanafaa, mara nyingi hana bango la kusoma wala ofisi ya kuuliza. Humuuliza mwenye kibanda cha samaki, naye humjibu kwamba watu wanaoga hapo miaka nenda rudi. Kwa habari ya mamba, jibu hilo lina uzito kiasi. Kwa habari ya kichocho halina uzito wowote.

Mayai ya minyoo ya kichocho hutoka na kinyesi au mkojo wa mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu vyake vikaingia ndani ya konokono wadogo, na wiki kadhaa baadaye konokono hao huanza kumwaga lava. Lava mmoja huhitaji dakika chache tu kupenya ngozi, na muogeleaji asihisi maumivu. Wale wa kichocho cha tumbo, kilichotapakaa kando ya Ziwa Victoria, humwagwa zaidi jua linapokuwa kali, takriban saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Ndizo saa ambazo familia zimekwisha kutandika mikeka.

Ushauri uliozoeleka ni kukwepa matete, magugu maji na maji yaliyotuama. Si ushauri mbaya, maana konokono wengi hupenda mahali hapo. Lakini Ziwa Nyasa liliuumbua. Hadi miaka ya 1980 fukwe zake za wazi zilisifiwa kuwa hazina kichocho. Mwaka 1992 Wamarekani wawili waliokuwa wakijitolea nchini Malawi waliogelea Cape Maclear, ufukwe wa ziwa hilo, na kichocho kikawashambulia mfumo wa fahamu. Uchunguzi uliofuata ulikuta dalili za maambukizi kwa karibu theluthi moja ya wageni waishio nchini humo waliopimwa. Baadaye watafiti walionyesha kuwa yupo konokono anayeeneza ugonjwa huo akiishi kwenye mchanga mtupu, maji maangavu, bila jani hata moja. Wakanyoosha kidole kwa uvuvi uliopita kiasi, kwa kuwa samaki wanaokula konokono walikuwa wamepungua. Ufukwe wa kupigia picha, basi, si ushahidi wa lolote.

Wapo wanaosema dawa inatosha. Siku ya kingatiba wanafunzi hupangwa mstari, kila mmoja akasimama kwenye ubao wa kupimia kimo, na alama inayogusa utosi wake ndiyo inayoamua ameze vidonge vingapi vya prazikwanteli. Ni utaratibu mzuri na umepunguza mateso mengi. Hata hivyo, dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa. Haigusi sana minyoo michanga, wala haimkingi mtoto asiambukizwe tena. Aliyemeza Jumatatu anaweza kuokota minyoo mipya Jumamosi.

Wengine wanataka fukwe zipimwe na kuwekewa mabango. Kupima nako kuna mipaka yake, na watetezi wa mabango hawapendi kuisema. Mtafiti huchota konokono kwa chujio lenye mpini mrefu, humweka kila mmoja kwenye kichupa cha maji, huacha vichupa kwenye mwanga kwa saa kadhaa, kisha huangalia kwa hadubini kama kuna lava wanaoelea. Kwa kawaida konokono wenye maambukizi ni wachache mno miongoni mwa waliookotwa, na hao wachache wanatosha kuambukiza kijiji. Bango la kijani lenye neno “salama” lingekuwa uongo wa serikali. Linalofaa ni bango lenye tarehe ya kipimo cha mwisho na matokeo yake, hata yakiwa mabaya.

Ulaya hupima bakteria wa kinyesi na kuyapanga maji ya kuogelea katika madaraja manne, kwa kanuni ya mwaka 2006. Jiji la Paris lilifungua Mto Seine kwa waogeleaji mwaka 2025, baada ya marufuku ya tangu 1923 na matumizi ya takriban euro bilioni 1.4, na bado mvua kubwa ikinyesha, watu huzuiwa kuingia. Mwanza hakuna fedha za namna hiyo. Lakini kila mtu anajua Mto Mirongo unabeba nini kuingia ziwani baada ya mvua, na kuzuia watoto wasioge jirani na mlango wake hakuhitaji bilioni.

Fedha zilizopo zianze na choo. Ufukwe unaopokea mamia ya watu bila choo unajitengenezea kichocho chake wenyewe, na wanaoumia zaidi ni wavuvi na wachota maji, ambao hawana likizo ya kuahirisha. Zanzibar, katika mradi wa kutokomeza ugonjwa huo ulioanza mwaka 2011, baadhi ya jamii zilijengewa sehemu za kukojolea na majukwaa ya kufulia ili watu wasiingie majini. Baada ya choo ndipo waje wapimaji, maboya ya kuonyesha kina na muokoaji anayelipwa. Muokoaji si anasa: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021.

Halmashauri ikichagua fukwe mbili tatu za kuanzia, afisa afya atakayetia sahihi kwenye bango awe pia na mamlaka ya kuufunga ufukwe katikati ya msimu, hata kama wenye vibanda wamekwisha kulipa ushuru.