Lori liko Wenda, skrini inasema Gairo

Kwa Mkurugenzi wa ofisi inayofuatilia mizigo ya transiti

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima unayostahili, na uniwie radhi nikishindwa kuitunza hadi mwisho wa barua.

Faili mnalo, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Lori langu lilitoka bandarini Dar es Salaam na kontena la Lubumbashi, mlangoni lakiri yenu ya kielektroniki. Likiwa kwenye mizani ya Wenda, Iringa, skrini yenu ikalionesha Gairo, barabara ya Dodoma. Mkaandika kwamba limeacha njia. Risiti ya mizani ninayo: saa, namba ya gari, uzito wa kila ekseli. Kontena likafika Tunduma, na lakiri iliyokuwa haijaguswa ikafunguliwa na maofisa wenu wenyewe. Bondi yangu, yaani dhamana ya ushuru wa mzigo ule, haijafutwa.

Wenda hadi Gairo ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Kwa kumbukumbu zenu, lori lilizimaliza kwa dakika chache, likatulia Gairo, kisha likaruka kurudi Iringa. Nashangaa trafiki hawakuniandikia faini ya mwendo kasi.

Lakiri hujua ilipo kwa GPS, na wataalamu wako wanajua kuliko mimi jinsi GPS inavyodanganywa. Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,000 hivi juu yetu, na mawimbi yake yakitua yamedhoofika kiasi kwamba kelele za kipokezi chenyewe zinayazidi. Muundo wa mawimbi ya kiraia umechapishwa wazi kwa kila mtu. Mwenye redio ndogo inayoendeshwa kwa kompyuta anaweza kurusha ya uongo yenye nguvu zaidi kidogo, na kipokezi kitayafuata bila ubishi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, wakiongozwa na Todd Humphreys, waliipotosha hivyo boti ya kifahari White Rose of Drachs katika Bahari ya Mediterania, kwa ridhaa ya mwenyewe, na hakuna kengele iliyolia. Mwaka 2017 meli zilizokuwa Bahari Nyeusi karibu na Novorossiysk zilioneshwa na vyombo vyao kuwa ziko kwenye uwanja wa ndege. Mabaharia wale walitazama nje wakaona maji. Ofisi yako haikutazama nje.

Sasa jiulize nani alitaka kuonekana Gairo. Kontena langu halikuwa na shughuli huko. Ila lori la mzigo wa Rwanda, la kutoka nchini kupitia mpaka wa Rusumo, lilipaswa kuwa barabara ile. Kama lilikuwa Iringa likitafuta pa kushusha mzigo kimagendo, mwenyewe angefurahi nukta yake ionekane Gairo, na uongo wake ungeingia pia kwenye lakiri ya jirani yake wa foleni. Huo ni ushuku wangu, sina jina la mtu. Lakini kama ni kweli, nukta yake ilikwenda vizuri na bondi yake imeshafutwa. Yangu bado.

Na uongo huu unakamatika. Mawimbi ya kweli hutoka pande zote za anga, kila satelaiti na nguvu yake. Ya uongo hutoka antena moja, upande mmoja, mara nyingi kwa nguvu zinazokaribiana mno. Nguvu ya jumla hupanda ghafla. Saa ya kipokezi huruka. Hayo yote kifaa kinaweza kuyapima na kuyaripoti, kama aliyekinunua aliyaomba. Tangu Julai 2025 mfumo wa Galileo wa Ulaya unatoa bure saini ya kidijitali ya kuthibitisha kwamba ujumbe umetoka kwenye satelaiti zake. Liandikeni hilo kwenye zabuni ijayo. Hata bila hayo, lakiri ina laini ya simu: ilikuwa inaongea na minara ya Iringa au ya Gairo? Hakuna aliyeuliza. Mizani ya serikali ilisema Wenda, skrini ya serikali ikasema Gairo, na aliyeadhibiwa ni mimi.

Dereva wangu alihojiwa kama mwizi. Mteja wa Lubumbashi amehamia kwa mwingine. Hayo nayameza. Bondi siwezi kuimeza, kwa sababu bondi ikishikwa wakala wa forodha hanitolei mzigo mwingine wa transiti, malori yanalala, na benki haijui Gairo wala Wenda, inajua tarehe ya rejesho.

Naomba bondi ifutwe. Naomba nipewe kumbukumbu ghafi za lakiri ile, pamoja na nguvu za mawimbi na minara iliyounganishwa nayo. Kisha naomba mafaili yote ya walioambiwa "mmeacha njia" kwa ushahidi wa nukta peke yake yafunguliwe upya, maana siamini niko peke yangu. Katika ofisi za nchi hii "mfumo unasema" imekuwa hukumu isiyo na rufaa, na anayeitamka hajui mfumo umeyasikia wapi.

Nakala ya risiti ya mizani nimeiambatanisha tena. Ile ya kwanza niliambiwa haionekani kwenye mfumo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msafirishaji wa mizigo, Dar es Salaam