Kuelekea AFCON 2027: Ufundishaji wa Soka kwa Watoto na Hesabu za Mwaka 2034

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Tangu Septemba 27, 2023, siku ambayo Shirikisho la Soka Barani Afrika (CAF) lilitangaza kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, mjadala wa wananchi umeelekea zaidi kwenye viwanja, barabara na hoteli. Ni mjadala wa haki, kwa kuwa ujenzi unaonekana kwa macho na fedha zake ni za umma. Hata hivyo, liko jambo ambalo haliwekewi jiwe la msingi wala kukatiwa utepe, nalo ni ufundishaji wa mtoto ambaye siku moja atavaa jezi ya Taifa. Mtoto atakayekuwa na umri wa miaka 10 wakati fainali hizo zinachezwa atafikisha miaka 17 mwaka 2034. Yale atakayofundishwa katika miaka hiyo saba, na yale atakayokosa kufundishwa, ndiyo yatakayoamua iwapo uenyeji wa mwaka 2027 utaacha timu au utaacha majengo peke yake.

Rekodi ya timu zetu za vijana inatoa mwanga wa kutosha. Mwaka 2017 nchini Gabon, Serengeti Boys ilitoka sare ya bila kufungana na Mali, ikaifunga Angola mabao 2-1, kisha ikafungwa na Niger bao 1-0. Bao hilo moja liliizuia timu kufika nusu fainali na hivyo kukosa Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17. Mali, ambayo vijana wetu waliizuia kufunga, ndiyo iliyotwaa ubingwa. Miaka miwili baadaye fainali hizo zilichezwa Dar es Salaam. Katika mchezo wa ufunguzi Serengeti Boys iliongoza kwa mabao 4-3 dhidi ya Nigeria, na mchezo ukamalizika kwa Nigeria kushinda 5-4. Baadaye tulifungwa na Uganda mabao 3-0 na Angola mabao 4-2. Jumla ni mabao 6 ya kufunga na 12 ya kufungwa katika michezo mitatu.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa kwa utulivu. Timu inayofunga mabao manne dhidi ya Nigeria haina upungufu wa vipaji. Kilichokosekana ni maarifa ya kucheza ukiwa unaongoza: kupunguza kasi ya mchezo, kuuweka mpira mbali na lango, kuzuia kwa pamoja badala ya kila mmoja kumkimbilia mwenye mpira, na kujua wakati wa kubaki nyuma. Maarifa ya aina hiyo hayapatikani katika kambi ya mwezi mmoja kabla ya mashindano. Hujengwa kwa miaka, juu ya msingi uliowekwa mapema.

Msingi wenyewe unaanza na hesabu rahisi. Mwalimu akiwagawa watoto 22 katika timu mbili, akawapa mpira mmoja na uwanja mzima kwa dakika 60, kila mtoto, hata mpira ukigawanywa sawasawa, atakuwa nao kwa muda usiofika dakika tatu. Na mpira haugawanywi sawasawa: wenye nguvu huuchukua, wanyonge husimama pembeni wakipigwa na jua. Watoto hao hao wakigawanywa katika vikundi vya wanne kwa wanne, kila kikundi na mpira wake, muda huo unapanda hadi dakika saba na nusu. Kwa mazoezi matatu ya wiki na wiki 30 za mwaka wa masomo, tofauti hiyo ni zaidi ya saa saba za kugusa mpira kwa mtoto mmoja, pasipo kuongeza hata shilingi moja katika bajeti ya shule. Anayesema mipira haitoshi akumbuke kwamba chandimu haijawahi kusubiri mpira wa dukani. Mpira wa makaratasi na kamba umewafundisha watoto wengi wa nchi hii kupiga chenga.

Ujerumani, ambayo ni bingwa wa dunia mara nne, imelifanya jambo hili kuwa kanuni. Kuanzia msimu wa 2024/25 watoto wadogo nchini humo wanacheza katika vikundi vidogo na viwanja vidogo, na kwa madarasa ya chini kabisa hakuna msimamo wa ligi. Ubelgiji ilipitia njia kama hiyo baada ya kutolewa mapema katika fainali za Ulaya za mwaka 2000 ilizoziandaa pamoja na Uholanzi, na mwaka 2018 ikashika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia. Muda uliopita kati ya matukio hayo mawili ni miaka 18. Anayetaka matokeo ya mapema zaidi hatayapata kwa watoto.

Katika umri wa miaka 6 hadi 12, kazi ya mwalimu ni kumfanya mtoto na mpira wawe marafiki. Mpira wenyewe uwe wa kadiri yake: namba 3 kwa walio chini ya miaka 8, namba 4 hadi miaka 12, kisha namba 5 unaotumiwa na watu wazima, wenye uzito wa gramu 410 hadi 450. Mtoto wa miaka 9 anayelazimishwa kupiga mpira namba 5 hujifunza kuupiga kwa ncha ya kidole, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kuiondoa. Kinachofuata ni mguso wa kwanza. Kutuliza mpira haimaanishi kuusimamisha chini ya soli. Maana yake ni kuupeleka kwa mguso mmoja mahali ambapo mguso wa pili utakuwa na faida. Ili aweze hilo, mchezaji sharti awe amesimama nusu upande, bega moja likielekea anakotaka kwenda, na awe ametupa jicho nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Walimu wengi hupaza sauti, "Angalia!" wakati mpira umekwisha kufika. Neno hilo lina manufaa sekunde mbili mapema.

Danadana, ambayo watoto wetu wanaipenda na wanaiweza, ina nafasi yake katika kuzoesha mguu, ila isichukuliwe kuwa kipimo cha kipaji. Mchezoni hakuna anayepewa nafasi ya kupiga danadana 100. Zoezi lenye tija zaidi ni lile la wachezaji wanne au watano waliosimama duara wakipasiana huku wawili wakiwa katikati wakiusaka mpira. Ndani ya mita nane kwa nane mtoto hujifunza pasi, pembe ya kupokea, uamuzi wa haraka na, kwa wale walio katikati, namna ya kukaba wawili wawili: mmoja akimkabili mwenye mpira, mwenzake akiziba njia ya pasi.

Kuhusu mpira wa kichwa, tahadhari inahitajika. Marekani ilipiga marufuku watoto wa miaka 10 na chini kuupiga mpira kwa kichwa mwaka 2015, na Uingereza mwaka 2020 ilitoa mwongozo wa kuliondoa zoezi hilo katika mazoezi ya watoto wa shule za msingi. Mwalimu wa hapa nchini hana sababu ya kusubiri waraka ili alizingatie.

Mbinu za timu zina wakati wake, na hapa ndipo haraka hufanya madhara. Si ajabu kumkuta mwalimu akichora mfumo wa 4-3-3 ubaoni mbele ya watoto wa miaka 9 ambao bado hawajaweza kutoa pasi ya mita 10 kwa mguu wa kushoto. Kuanzia miaka 12 hivi, mtoto anaweza kuelewa kanuni nne au tano zinazobaki kuwa za kweli katika kila mfumo: timu ikiwa na mpira ipanue uwanja, ikiupoteza ibane, mwenye mpira awe na wenzake wawili karibu ili pembetatu ipatikane, mpira ukipotea, aliye karibu akabe papo hapo huku wengine wakirudi ndani, mabeki na kipa waseme, kwa kuwa wao ndio wanaouona uwanja wote. Kanuni ya tatu, ya sekunde chache baada ya mpira kubadilisha mikono, ndiyo inayosahaulika zaidi, na mabao mengi hupatikana hapo. Mfumo na namba za jezi vije baadaye. Hadi miaka 14 ni busara kila mchezaji apitie nafasi tatu au nne, kipa akiwemo. Mtoto aliyewekwa beki wa kati kwa sababu tu amewahi kurefuka huenda asiwe mrefu tena akifika miaka 18, na atakuwa hajawahi kujifunza kumpita mtu.

Suala la kuwahi kukua linatupeleka kwenye eneo gumu zaidi. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ni hazina ambayo nchi nyingi zingeitamani. Kupitia hayo mtoto wa kijijini anaonekana hadi ngazi ya Taifa. Lakini pale sifa ya mwalimu, shule na hata halmashauri inapopimwa kwa kombe, anayechaguliwa ni mwenye misuli leo, na mlango wa udanganyifu wa umri hufunguka. Gharama yake tunaijua: mwaka 2005 Serengeti Boys ilikuwa imefuzu fainali za Afrika nchini Gambia, ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na kizazi kizima cha vijana waaminifu kikabaki nyumbani. Tangu mwaka 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana hao. Kwa maoni ya makala haya, waandaaji wa mashindano ya shule wangeanza kwa kutoa alama kwa shule inayowachezesha wanafunzi wote waliosajiliwa kikosini, kila mmoja kwa muda uliowekwa. Kikombe kibaki, ila kisiwe kipimo pekee cha kazi ya mwalimu.

Wasichana wamekwisha kuonyesha kinachowezekana. Mwaka 2022 nchini India, Serengeti Girls ilianza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kwa kufungwa na Japani mabao 4-0. Siku chache baadaye iliifunga Ufaransa 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Canada na kufika robo fainali, ambako ilitolewa na Colombia. Timu iliyofungwa manne ikarekebisha uzuiaji wake ndani ya wiki moja ni timu inayofundishika.

Upande wa walimu, mitaala iliyoboreshwa iliyoanza kutumika Januari 2024 imeyapa sanaa na michezo nafasi katika elimu ya msingi, na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kilichopo Kwimba, mkoani Mwanza, kinaendelea kutoa wataalamu. Mahitaji ni makubwa kuliko chuo kimoja. Mwalimu wa hisabati anayesimamia timu jioni kwa mapenzi yake anahitaji walau mafunzo mafupi ya namna ya kupanga zoezi la dakika 60, kupasha misuli ipasavyo na kutambua maumivu ya goti la mtoto anayekua, ambayo hayatibiwi kwa kuambiwa "jikaze".

Mwisho ni daftari. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka kati ya miaka 12 na 15, na asilimia 0.5 kwa kila mwaka unaofuata. Kijana akiuzwa kwa Dola milioni 1, klabu iliyomlea miaka minne ya mwanzo inastahili Dola 10,000, fedha zinazotosha kununua mipira kwa wilaya nzima. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia mfumo wa FIFA unaosoma pasi ya kielektroniki ya mchezaji, na mfumo huo hulipa kilichosajiliwa tu. Kituo cha mtaani kisichosajiliwa kupitia chama cha soka cha wilaya, chenye majina ya watoto kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa mwalimu, hakimo katika orodha hiyo. Usajili wa kituo na wa kila mtoto, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, hufanyika mtoto akiwa na miaka 12. Akishafika 18 na wakala akiwa mlangoni, miaka hiyo haiandikiki tena.