Kabla ya Kumshtaki Jirani, Uhojini Mwamba

Kila kiangazi, kati ya Desemba na Februari, vijito vya Molo na vijiji vya jirani wilayani Tororo hupungua, na kina mama hupanga madumu kisimani tangu alfajiri. Ndipo malalamiko hufika kituo cha polisi: watu wa juu wameyafunga maji, wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wameyamaliza. Askari huandika maelezo, pengine huondoka kumtafuta mkosaji. Rai yangu ni kwamba katika kesi kama hiyo shahidi wa kwanza kuhojiwa awe mwamba ulio chini ya miguu yetu.

Maji ya eneo hili hayatoki ghala moja. Mto Malaba hulishwa na Mlima Elgon, volkano iliyozimika, iliyojengwa kwa tabaka za majivu na zaha. Tabaka hizo, pamoja na udongo mnene ulio juu yake, hunywa mvua na kuitoa polepole kwa njia ya chemchemi. Kwa hiyo mto huendelea kutiririka muda mrefu baada ya mawingu kutoweka.

Vijito vinavyoanzia tambarare ni vingine kabisa. Chini yake mna matale na miamba mingine ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,000. Mwamba huo ukiwa mzima hauna pa kuweka maji ila katika nyufa. Ghala lake hasa ni lile tabaka la mwamba uliooza na kuwa changarawe na udongo. Wataalamu waliochunguza ardhi ya Uganda katika miaka ya 1990 walithibitisha hivyo. Likiwa nene, kijito huvumilia. Likiwa jembamba, mvua ya jioni huwa mafuriko ya usiku, na baada ya wiki chache hubaki mchanga mtupu. Litazameni Jiwe la Tororo mvua inaponyesha: maji huteremka ubavuni kama juu ya bati.

Basi kijito cha tambarare kikikauka kila Januari, huo si ushahidi wa wizi. Lakini Malaba wenyewe ukishuka ghafla ilhali mlimani kungali kunanyesha, hapo binadamu ahojiwe. Wala simtetei aliyekausha kinamasi kwa mifereji ya mpunga, au anayefyeka misitu ya mlimani hata mvua ikakosa njia ya kuingia ardhini. (Mkaa, kama tujuavyo, hupita vizuizi vya barabarani usiku.)

Jambo jingine lawahusu askari wenyewe. Kambi hupenda mahali pa juu, na kwa ulinzi ni sawa. Kisima, hata hivyo, hakitii amri. Katika miamba hii kisima cha bomba chaweza kutoa lita 1,000 tu kwa saa. Kambi ya watu 1,000, kila mmoja akipata lita 20 kwa siku, yahitaji lita 20,000; yaani bomba lisukumwe saa 20 bila kupumzika! Ni afadhali kambi ikae kilimani na kisima kichimbwe bondeni, baada ya mafundi kupima jinsi ardhi inavyopitisha umeme, maana kipimo hicho huonyesha unene wa mwamba uliooza. Kuchimba mbele ya ofisi ya mkuu kwa sababu ni karibu ni kutupa fedha za umma.

Uganda na Kenya zimekwisha kushirikiana juu ya mabonde ya Sio, Malaba na Malakisi chini ya Mpango wa Bonde la Nile, ulioanzishwa mwaka 1999. Hiyo ni kazi ya mawaziri na wahandisi. Kituo kidogo cha mpakani chahitaji daftari na kamba yenye jiwe tu. Kila Jumatatu askari mmoja apime kina cha maji katika kisima cha wazi kilicho karibu, aandike na tarehe. Baada ya misimu miwili ya kiangazi, malalamiko yatakapoletwa tena mezani, sajini atakuwa na ukurasa wa kufungua.