Diski Isiyo na Waya na Sitara ya Nyumba



Akina mama kadhaa wametuuliza: ni diski gani ya nje isiyo na waya ifaayo kuhifadhi picha za familia? Wengi huanza na ukubwa, nasi hatuupuuzi, kwani terabaiti 1 ni gigabaiti 1,000, na hutosha picha za harusi na akika za miaka mingi. Lakini sisi twaanza na mlango.

Diski hii hurusha mtandao wake wa Wi-Fi, na mawimbi hayo huvuka ukuta hadi kwa jirani. Surat An-Nur, aya ya 27, yatufunza tusiingie nyumba za watu pasi na idhini na salamu. Vipi basi picha za mabinti zetu usiku wa kupamba, wakiwa hawana buibui, ziachwe bila ya hodi?

Chagueni diski yenye ulinzi wa WPA2 au mpya zaidi, na siku hiyo hiyo mbadilishe nenosiri lililotoka nalo dukani. Tena tanabahini: nenosiri hilo hulinda mawimbi tu. Mwizi akiichomeka diski kwa waya, huenda akaona yote, ila ikiwa yaliyomo yamefungwa kwa msimbo. Ulizeni hilo kabla ya kulipa.

Na kwa kuwa diski huharibika ikianguka, wekeni nakala ya pili mahali pengine, nayo ifungwe vivyo hivyo.

Sitara ya nyumba ni amana. Wabillahi tawfiq.